Nilifuta sauti za baba, programu nisizozitaka zikabaki

Bi Mshauri, shikamoo.

Nimesoma safu yako kwa miaka na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia kuhusu simu. Watu wanakuletea ndoa, wakwe na mirathi. Naomba unisome hadi mwisho, utaelewa kwa nini nimelia.

Nina miaka 38, nina mume na mtoto mmoja wa miaka 7. Mdogo wangu wa mwisho nilimlea mimi baada ya mama yetu kufariki. Alipoajiriwa, mshahara wake wa kwanza alininunulia simu. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kisha akageukia ukutani ili nisione machozi yake. Simu yangu ya zamani ilikuwa imepasuka kioo, upande mmoja hauonyeshi kitu. Nikahamishia mazungumzo yote kwenye simu mpya, ile nyingine nikaiweka kabatini.

Boksi la simu mpya limeandikwa GB 32. Nilipoiwasha nikakuta imeshajaa vitu nisivyoviweka: michezo mitatu, programu ya habari, duka la mtandaoni, video fupi, programu ya kusafisha simu ambayo kila siku inanitisha kwamba simu yangu ni chafu, na duka la pili la programu mbali na Play Store. Nilianza kuzifuta. Michezo ilitoka. Nyingine hazina neno "Sanidua", zina "Zima" tu, na mbili hata hilo neno limefifia, halibonyezeki. Ile ya habari niliizima, ikatulia kama wiki mbili. Simu ilipopokea sasisho la mfumo, ikarudi kama vile sikuwahi kuigusa.

Hiyo ya habari ndiyo inayonitesa zaidi. Inaleta picha kwenye skrini hata simu ikiwa imefungwa. Picha za ajali, picha za wanawake walio nusu uchi. Siku moja mwanangu aliishika simu akaniuliza, "Mama, hawa ni nani unaowaangalia?" Nilikosa jibu, kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba simu ya mama inaonyesha vitu ambavyo mama hakuviomba?

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie. Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Macho yake yalikuwa yamechoka, hakuweza kuandika ujumbe, kwa hiyo alikuwa ananitumia sauti. Hazikuwa na mambo makubwa. "Mwanangu, umeamka salama? Nilitaka kusikia tu." Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni nikitaka kulipa kwa simu. Programu ya benki ikadai niisasishe kwanza, na simu ikasema nafasi imejaa. Watu nyuma yangu wanasubiri. Nikaingia kwenye faili, nikapanga sauti kwa tarehe, nikachagua za zamani zote, nikafuta. Nikalipa, nikaondoka. Usiku nilipotaka kumsikia baba ndipo nikajua nilichokifanya. Zilikuwa 11. Programu ya video fupi ambayo sijawahi kuifungua hata mara moja bado ipo palepale.

Kuna fundi simu namfahamu. Anasema nimpelekee simu aifanye kinachoitwa kuruti, ataziondoa zote kabisa na nitapata nafasi tele. Mume wangu hataki. Anasema simu ndivyo zilivyo siku hizi, tena zawadi haikaguliwi meno. Dada yangu anasema niiuze niongeze hela ninunue nyingine, lakini nikifikiria uso wa mdogo wangu siku atakapoona nimeshika simu tofauti, nashindwa. Mimi mwenyewe nimeanza kuamini kwamba hizi programu zinanisikiliza, maana usiku simu ikiwaka peke yake moyo unaniruka. Nikiwa na mazungumzo ya ndani naiacha chumba kingine.

Je, nimpe fundi? Niiuze? Au ni mimi nisiyejua kushukuru?

Ni mimi,
Binti wa Baba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole sana.

Kabla hujaendelea kusoma, fungua ile programu ya faili uliyofutia zile sauti, utafute sehemu iliyoandikwa "Tupio". Katika simu nyingi, faili ukiifuta haipotei papo hapo. Inawekwa kwanza kwenye tupio, mara nyingi kwa siku 30. Wewe umesema ni wiki mbili. Zikiwa humo, zirejeshe, kisha siku hiyohiyo zinakili mahali pengine: kwenye kompyuta, kwenye memori kadi, au jitumie kwa barua pepe. Hata ukizikosa, usikate tamaa, nitalirudia hilo baadaye. Kwa sasa usiirejeshe simu kwenye hali ya kiwandani, yaani kuifuta yote ianze upya, na usimkabidhi mtu yeyote simu hiyo.

Sasa tuongee taratibu. Ninavyokusoma, umeniletea maumivu matatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna nafasi iliyojaa. Kuna hofu ya kuchunguzwa na picha zinazomfikia mtoto. Na kuna baba. Kwa sababu yote yametokea ndani ya simu moja, unatafuta dawa moja itakayoyaponya yote, na fundi amekuahidi hiyo dawa. Mimi ningependa tuyafungue moja moja.

Umeandika kana kwamba programu zile zikiondoka, nafasi yao itakuwa yako. Ni wazo la kawaida kabisa, lakini simu za Android hazikujengwa hivyo. Hifadhi yake imegawanywa kama nyumba yenye vyumba vilivyotengwa kwa ukuta. Chumba kimoja ni cha mfumo, kimefungwa, na mwenye simu haruhusiwi kubadilisha chochote humo. Programu nyingi za kiwandani zinakaa humo, ndiyo maana huoni neno "Sanidua". Picha zako, ujumbe wako na programu unazopakua vinakaa chumba kingine. GB 32 za kwenye boksi ni za nyumba nzima, pamoja na kile chumba usichoingia. Sasa hata mtu akivunja mlango na kutoa vilivyomo ndani, ukuta hausogei. Chumba chako kinabaki ukubwa uleule.

Kinachoweza kurudi kwako ni kile ambacho programu hizo zimelimbikiza upande wako: masasisho yaliyopakuliwa kwa bando lako, data zao, na akiba, yaani faili za muda zinazojiwekea. Kwa programu kama ya video fupi au ya habari hicho si kidogo. Na hukipati kwa kuruti. Unakipata kwenye Mipangilio, upande wa Programu: ukigusa "Zima", simu huwa inakuuliza kama uirudishe kwenye toleo la kiwandani. Ukikubali, masasisho na data zake vinafutwa. Kwa hiyo fundi akikuambia utapata nafasi tele, muulize kwa heshima nafasi hiyo itatoka chumba gani. Huenda ana jibu zuri. Lakini muulize.

Umeniuliza kama hujui kushukuru. Hapa naomba nikusimamie kidogo, na mume wako anisamehe. Anaposema simu ndivyo zilivyo, yuko sahihi kwamba jambo hili limeenea. Lakini halikushuka kutoka mbinguni. Watengenezaji wa simu hulipwa na wenye programu ili programu hizo zikukute tayari zimewekwa, na malipo hayo ni sehemu ya sababu simu za bei nafuu zinawezekana. Wapo watu wazito walioona kama ulivyoona wewe. Korea Kusini ilitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba programu za kiwandani zisizo za lazima ziweze kufutwa. Januari 2020 Privacy International, shirika linalotetea faragha, pamoja na mashirika mengine zaidi ya 50, liliiandikia Google barua ya wazi likitaka watu waweze kuziondoa kabisa programu zinazokuja na simu za Android. Katika Umoja wa Ulaya, Sheria ya Masoko ya Kidijitali ilianza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024, na moja ya masharti yake ni kwamba mtumiaji aweze kusanidua kwa urahisi programu zilizokuja na mfumo, isipokuwa zile ambazo simu haiwezi kufanya kazi bila hizo. Kwa hiyo hulilii jambo dogo. Kumshukuru mdogo wako ni kitu kimoja, na kutaka kuamua nini kikae kwenye simu yako ni kingine. Sioni kwa nini moja limfukuze mwenzake.

Kuhusu kusikilizwa, sitakucheka, na sitakuongezea hofu. Watafiti kutoka Madrid na wenzao walichunguza programu za kiwandani zaidi ya 82,000 kwenye simu za chapa zaidi ya 200, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Waliona ukusanyaji mkubwa wa taarifa za watumiaji, na kwamba mwenye simu kwa kawaida hajui ni nani hasa aliye nyuma ya programu anayoikuta. Ugumu ni kwamba programu ya mfumo inaweza kuzaliwa ikiwa na ruhusa ambazo programu ya kawaida ingelazimika kukuomba. Mwaka 2019 Google yenyewe ilithibitisha kwamba kirusi kinachoitwa Triada kiliwahi kuingizwa kwenye baadhi ya simu kabla hazijamfikia mnunuzi. Kwa hiyo wasiwasi wako una mizizi.

Lakini angalia pia ulichokiona kwa macho yako: simu inawaka usiku. Arifa ya habari inatosha kuiwasha. Kuwaka si kusikiliza. Badala ya kuihamisha simu chumba kingine kila mnapoongea, ingia Mipangilio, sehemu ya faragha, utazame orodha ya programu zenye ruhusa ya maikrofoni, kamera na mahali ulipo. Pokonya ruhusa kila usiyoitambua. Ukiwa na Android 12 au ya baadaye, alama ndogo ya kijani hutokea juu ya skrini kila maikrofoni au kamera inapotumika. Kisha fungua Play Store, kwenye Play Protect, kile kipengele kinachotafuta programu hatari, uiache ikague simu. Ukimaliza hayo na bado moyo unakuruka, niandikie tena, maana hapo tutakuwa tunaongea kuhusu jambo jingine, na nalo lina haki ya kusikilizwa.

Na picha zinazomfikia mtoto? Hili ningelianza leo jioni. Picha za skrini iliyofungwa mara nyingi hazitokani na programu unayoiona kwenye orodha, bali na kipengele kilichojificha kwenye mipangilio ya skrini iliyofungwa au ya mandhari, chenye jina zuri la kupendeza. Kitafute, ukizime hapo. Kisha zima arifa za ile programu ya habari kabla ya kuizima yenyewe, ili hata sasisho likiirudisha, irudi bila mdomo. Na mtoto mwambie ukweli uleule uliouandika hapa: simu inaonyesha vitu ambavyo mama hakuviomba, na mama anatafuta namna ya kuvizuia. Kwa miaka 7 ataelewa zaidi ya unavyodhani.

Turudi kwa fundi. Kuruti ni kuufungua ule mlango wa chumba cha mfumo. Wapo wanaofanya na hawajutii, siwezi kukuambia ni kosa. Ila ujue bei yake. Kwa kawaida lazima kwanza ifunguliwe kufuli inayolinda mfumo, na kufungua huko hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu. Kila kitu, mwanangu. Fikiria sauti ambazo bado hujazinakili. Dhamana ya simu inaweza kuisha hapo. Masasisho ya usalama yanaweza kuacha kuja. Na programu nyingi za benki hukagua kama simu imerutiwa, zikigundua zinakataa kufunguka. Wewe unalipa kwa simu, tena ile foleni ilianza na programu ya benki. Kisha lipo hili la kumwachia mtu simu iliyo wazi kwa saa kadhaa ikiwa na fedha zako na mazungumzo yako. Simtuhumu fundi wako, simjui. Nakuuliza tu kama umeliwaza.

Kuna njia ya kati ambayo huenda hajakutajia. Simu inaunganishwa na kompyuta kwa waya, inawashwa kitu kinachoitwa utatuzi wa USB, na kwa amri fupi programu inaondolewa kwa mtumiaji bila kuruti. Nakala yake inabaki kwenye chumba cha mfumo, ila haiwaki, haikuletei arifa, haiko kwenye orodha. Dhamana na benki kwa kawaida haviguswi. Hatari yake ni kuondoa kisichopaswa kuondolewa: majina ya programu humo yameandikwa kwa lugha ya mafundi, na ukiondoa moja ambayo simu inaitegemea, inaweza kushindwa kuwaka hadi irejeshwe kwenye hali ya kiwandani, na hapo kila kitu kinafutika. Tena tunarudi palepale, nakili kwanza.

Hata kwa "Zima" ya kawaida, nenda polepole. Zima moja, iache siku mbili, uone kama kuna kilichoharibika, kisha nyingine. Andika kwenye daftari. Kibodi, huduma za Google Play, na chochote usichojua kazi yake, viache kwanza. Hizo mbili zenye neno lililofifia, zipokonye ruhusa, zizime arifa, na kwenye Play Store ziondolee usasishaji wa kiotomatiki zisile bando lako. Si ushindi kamili. Kwa wengine inatosha, kwa wengine haitoshi kabisa, na sitajifanya najua wewe uko upande gani.

Kuuza nako kuna lake. Simu ya bei ileile inaweza kuja na mzigo uleule, kwa hiyo ukifika huko, kabla ya kulipa omba uoneshwe orodha ya programu na nafasi iliyobaki kwenye Mipangilio, usiangalie maandishi ya boksi.

Nimejiuliza swali moja tangu nilipoanza kukusoma. Mdogo wako anajua? Umefikiria uso wake siku atakapoona simu tofauti, lakini barua yako haina mahali ulipomwambia kinachokusumbua. Ninaelewa hofu yako. Anaweza kusikia kwamba zawadi haikutosha, na ule ni mshahara wake wa kwanza. Kumwambia kuna hatari ya kumuumiza. Kutomwambia nako kuna hatari, maana siku atakapojua mwenyewe atajiuliza ni mangapi mengine unamficha ili kumlinda. Wewe ulimlea, unajua sauti anayoielewa. Huenda ukaanza si na simu bali na baba: mwambie kwamba umepoteza sauti 11 na unahitaji msaada wake kuzitafuta. Naye alikuwa baba yake.

Na hapo kwenye kuzitafuta. Ukizikosa kwenye tupio, waulize ndugu zako kama baba aliwahi kuwatumia wao pia, au kama ulimsambazia yeyote mojawapo, maana kilichotumwa kwa mtu mwingine hubaki kwake hata wewe ukifuta. Tazama kama programu ya ujumbe ilikuwa inaweka nakala rudufu mtandaoni kabla ya siku ile ya foleni. Kama iliweka, sitisha uwekaji mpya ili usije ukafuta ule wa zamani, na usiirejeshe mpaka mtu anayeijua kazi hiyo akae nawe, kwa sababu kurejesha kunaweza kufuta ujumbe wa hivi karibuni.

Lakini kuna jambo uliliandika mwanzoni ukalipita haraka, nami limenikaa. Ulihamisha mazungumzo kutoka simu ya zamani, hukusema uliifuta. Kioo kimepasuka upande mmoja, lakini kioo sicho kinachotunza sauti. Kama haijawahi kusafishwa, zile sauti 11 zinaweza kuwa bado zimo. Ichaji polepole. Ikiwaka, isiunganishwe na mtandao, iunganishwe na kompyuta kwa waya; na kama upande uliokufa unakuzuia kuifungua, hiyo ndiyo kazi ningempa fundi wako kwanza, nawe ukiwa umekaa pembeni yake.

Itoe kabatini, mwanangu. Kisha unijulishe.